Mkaguzi Aliyeweka Kiganja Hewani

Ukiwauliza watu wa Nyanungu habari za Mkaguzi, wataanza na mikono yake. Watakuambia ilivyokuwa mipana, na kwamba ukimpa mkono, wako ulipotea ndani ya wake. Watakuambia hakuna ng'ombe aliyewahi kumdanganya. Watayasema hayo kwa heshima, na sitawabishia, maana ni kweli. Mimi pia naanza na mikono yake, lakini heshima hiyo sina tena.

Kazi yake ilikuwa kukagua ng'ombe wa mahari. Binti akichumbiwa, baba yake hakwenda mwenyewe kuwatazama ng'ombe kwa wakwe, kwa sababu baba ana haya, au ana tamaa, au ana haraka. Alimtuma Mkaguzi. Naye alikwenda kwa miguu hadi kwa mchumba, iwe kijiji cha jirani au kule Mbalibali ng'ambo ya mto, ambako ilibidi alale njiani. Akifika hakuketi. Aliingia zizini na viatu vyake vya tairi akasema maneno ambayo hata watoto wa huku huyasema wakicheza: "Nipe mkia kwanza."

Aliushika mkia kwenye shina akashuka nao kidole kwa kidole hadi kwenye manyoya ya mwisho. Sijui alitafuta nini humo. Kisha alifunua mdomo akatazama meno, akanusa pumzi, akabonyeza nyuma ya bega, akaagiza ng'ombe wapelekwe majini awaone wakinywa. Asiyemtaka alimsukuma kando kwa goti bila kusema neno. Aliyemkubali alimwekea kiganja cha kulia mgongoni, nyuma ya nundu, akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza. Hapo imepita. Kiganja kikishawekwa, upande wa binti hauwezi kumkataa ng'ombe huyo hata akifa njiani, na upande wa kijana hauwezi kumbadilisha. Hakuna karatasi. Kesi za ng'ombe zilipofika ofisi ya kata, hata mtendaji, mtu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alijifunza kuuliza swali moja tu: kiganja kiliwekwa, hakikuwekwa?

Hakula kwa watu. Alibeba viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kipande cha khanga ya mkewe, akavila amesimama nje ya boma, huku ndani wenye boma wamemchinjia kuku. Alisema mtu akishakula kuku wa mwenye ng'ombe, ng'ombe wote wananenepa. Kuku huyo aliliwa na wenyewe, kwa hasira.

Kuna habari yake moja ya kule Kisaka ambayo baba yangu hachoki kuisimulia. Kulikuwa na tajiri mwenye malori, mwanawe anaoa huku kwetu. Alimwekea Mkaguzi kiti cha kukunja kivulini, na soda juu ya stuli. Mkaguzi akavipita vyote akaingia zizini, akawasukuma ng'ombe kando mmoja baada ya mwingine, mpaka tajiri akainuka. Akamuuliza kama anajua anazungumza na nani.

"Wewe nakujua," Mkaguzi akamjibu. "Huyu ng'ombe ndiye simjui."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa pia mtu mwenye dharau, na hilo baba halisimulii. Wanawake aliwaita kwa rangi ya ng'ombe wa kwanza aliyemwekea kiganja kwenye mahari yao. Mama yangu alimwita Mweusi. Jirani yetu ni Madoa, na mke wa mchungaji wa kanisa letu, mama mwenye miwani ya kusomea na cheti cha ualimu, alimwita Jivu mbele ya waumini. Wao walicheka. Mama alipenda kuitwa hivyo, nadhani, kwa sababu yule mweusi alizaa mara nyingi na hadithi yake ilimpa mama sauti nyumbani.

Msichana ambaye hajapata ng'ombe hakuwa na jina kwake. Nilimpa shikamoo tangu nilipoanza darasa la kwanza, na aliitikia marahaba akiwatazama ng'ombe niliokuwa nao, hakunitazama mimi. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani, nikakua, na bado marahaba ile ilikwenda kwa ng'ombe. Nami, kwa kuwa ni mtu wa aibu, niliona ni sawa. Nilisubiri kwa hamu siku atakayoniita rangi.

Simu hakuzipenda. Vijana waliporudi na simu za kioo wakaanza kutumiana picha za ng'ombe, mmoja alimletea picha ya mtamba kutoka Mbalibali ili kumwokolea safari. Mkaguzi aliishika simu, akaigeuza akatazama mgongo wake, akasema, "Mkia sijauona." Watu walicheka siku nzima. Alisema picha haina harufu, haikanyagi, hainywi maji. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, nikiwa nimekaa na ndoo pale kisimani. Ndiyo maana siwezi kusema hakujua. Alijua kuliko sisi wote.

Kisha akaja mtu tuliyemwita Masoko, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia kuliko mengine. Alikuwa mpole, mwenye mkoba mgongoni, na alimwamkia kila mzee shikamoo. Alituambia kampuni yake ina miwani mikubwa inayoziba macho yote, na mtu akiivaa anajiona yuko mahali pengine kabisa. Kitaalamu aliiita uhalisia pepe. Sisi tuliiita miwani. Walikuwa wameanza mbugani, wakipiga picha za nyumbu ili kuwauzia watu wa miji ya mbali, lakini huko wakakuta wengine wametangulia. Kwa hiyo alikuwa akitafuta soko ambalo halina mtu. Mtu yeyote anayehitaji kuona kitu kilicho mbali na hawezi kukifikia, alisema, huyo ni soko. Alipoambiwa kwamba hapa watu hutembea siku nzima na zaidi kutazama ng'ombe, aliandika haraka mpaka kalamu ikamtoka.

Kwenye mkutano wa kijiji aliuliza kata ina mabinti wangapi wa kuolewa. Mzee mmoja akamuuliza kama anawataka wote. Masoko alicheka pamoja nasi, kisha akauliza tena, maana lilikuwa swali la kweli. Alitaka kujua pia minada iko mingapi, na kama madalali wangekubali wanunuzi wa mjini wakague mifugo wakiwa wamekaa makwao. Mwisho akafunga daftari akasema soko lipo, tena kubwa, linasubiri tu mtu wa kuaminika wa kulifungua.

Sote tulimgeukia Mkaguzi. Tulisubiri amfukuze.

Aliomba miwani. Masoko akamvalisha, akamkalisha kwenye benchi. Aligeuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto, akainua mguu mmoja kama anayekanyaga jiwe. Masoko alikuwa amemwekea njia ya kushuka mtoni, na majani ya ng'ambo, na kundi la ng'ombe likija. "Nimefika," akasema. Alipoivua, mashavu yake yalikuwa yameloa, akayafuta kwa kiganja kilekile.

Sikuelewa wakati ule. Mkewe ndiye aliyemwambia mama baadaye kwamba goti la kulia lilikuwa limekwisha. Safari ya mwisho ya Mbalibali alikaa chini mara tatu kabla hata ya kufika barabarani, na akarudi akidanganya kwamba wenye ng'ombe wamesafiri. Akina baba walikuwa wameanza kuwatuma wapwa zao kwa pikipiki. Hakumwambia mtu. Miwani ilimrudishia miguu, na kwa ajili ya miguu aliitoa mikono. Namwelewa. Kumwelewa hakujapunguza kitu.

Alijipa sababu, kama watu wanavyofanya. Alikwenda mnadani Kisaka na Masoko, wakajaribu miwani ya pili, ile inayokuacha umwone ng'ombe halisi aliye mbele yako huku juu ya kichwa chake pameandikwa umri na uzito. Mkaguzi alikagua kwa mkono, miwani ikaandika, na majibu yakafanana. Akarudi akisema, "Inajua kama mimi." Hakusema kwamba pale mnadani ng'ombe alikuwepo, na mkono wake ulikuwepo. Kampuni ikampa kofia na fulana. Kofia aliivaa hata kanisani.

Walihitaji mahari ya kwanza ya kufungulia soko. Ikawa yangu.

Mchumba wangu alikuwa fundi ujenzi wa Mbalibali, aliyekuja kujenga madarasa ya shule yetu. Mimi ni mtu wa kuchelewa kujibu. Watu wengi huondoka kabla sijamaliza ninachosema. Yeye aliendelea kupiga plasta, kwa utulivu, mpaka nikamaliza, ndipo akageuka akanijibu. Kwa hilo tu nilimtaka. Naandika hivyo bila kuzunguka: nilimtaka, naye alinitaka, na baba zetu walikuwa wamekubaliana. Kilichobaki ni kiganja.

Baba alifurahi kuwa wa kwanza. Kampuni ikamtuma mtu wake Mbalibali na kamera iliyofungwa juu ya mti mrefu, aisimamishe katikati ya zizi. Wakwe zangu waliambiwa kwamba kampuni inakuja kupiga picha ng'ombe kwa ajili ya miwani. Neno waliloshika ni picha.

Sasa, huku kwetu mtu akienda kupiga picha, anaazima. Picha ya harusi ya baba yangu iko ukutani, amevaa koti la mwalimu mkuu. Kila anayeingia analijua koti lile, na hakuna aliyewahi kumwita baba mwizi. Picha ni ya kukaa ukutani, kwa hiyo unavaa kizuri, hata kama ni cha jirani. Baba mkwe wangu akafanya hivyohivyo. Alipita kwa majirani akaazima ng'ombe wao waliojaa, wenye manyoya ya kung'aa, akawaosha, akawasimamisha mbele ya kamera. Wake mwenyewe, wadogo lakini wazima, akawapanga nyuma. Wala hakumficha mtu. Alijua mkaguzi atakuja baadaye kama wakaguzi wanavyokuja, kwa miguu, akatae kuku, adai mkia. Hata kuku alikuwa ameshamfunga.

Kwetu uani wakaweka kiti. Mkaguzi akaketi na kofia yake, akavaa miwani, Masoko akimrekodi kwa simu. Mimi nilisimama mlangoni pa jiko. Alianza kwa mazoea, "Nipe mkia kwanza," mkono ukaenda ukashika hewa. Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, na hicho kicheko ndicho nilichoshindwa kumsamehe, maana alikumbushwa palepale na mkono wake mwenyewe, akacheka. Kisha akanyoosha kiganja cha kulia mbele yake, wazi, kikitazama chini, akanyamaza. Baba akasema imepita. Kikaenda tena, baba akasema imepita. Niliona kiganja kikitetemeka, kwa sababu hakikuwa na mgongo wa kupumzikia. Niliona, sikusema.

Siku ya ng'ombe kuletwa, wakwe walivuka mto na ng'ombe wao halali. Baba akawatazama akamwita Mkaguzi, na Mkaguzi alisimama nje ya zizi, hakuingia. Akasema si wao. Kelele zikaanza. Baba akataka wale waliowekewa kiganja, upande wa pili wakauliza kiganja gani, na kabla jua halijafika kichwani watu walikuwa wameshika fimbo. Wazee wakawakalisha.

Baba mkwe alisimama bila kupandisha sauti. Alieleza habari ya kuazima, akaonesha kwa kidole picha ya baba iliyoonekana kupitia mlangoni, na koti la mwalimu mkuu. Hata baba alitazama chini. Kisha akamgeukia Mkaguzi.

"Tata," akasema, maana ndivyo tunavyowaita wazee wa rika la baba, "mimi sikuona mkaguzi kwangu. Nilimwona mtu ana mti wenye jicho. Sema mbele ya watu. Uligusa?"

Ng'ombe walikuwa zizini, hatua kumi kutoka alipoketi. Angesema tu hakugusa, angeinuka, angedai mkia, na kabla ya maziwa ya jioni mambo yangekwisha. Walikuwa ng'ombe wazuri wa kutosha. Baba alikuwa tayari kulainika, nilimjua kwa mabega yake. Masoko alikuwa amesimama kando ya ghala, simu mkononi. Mchumba wangu alinitazama mimi, akinisubiri niseme kitu, kama alivyonisubiri siku zote. Nilikuwa bado nayatafuta maneno.

Mkaguzi alitazama kiganja chake. Akakifunga.

"Kiganja kiliwekwa," akasema.

Wakwe waliondoka na ng'ombe wao. Kaka yake mchumba alisema wakati wa kutoka kwamba hawawezi kuoa kwa watu wanaopokea ng'ombe wa hewani. Mchumba wangu mwenyewe alirudi mara moja tu kumalizia plasta ya darasa la mwisho. Mama alinizuia kwenda. Baadaye alioa kwao.

Masoko alichukua video ya kiganja kile akaionesha kwenye kata nyingine kama mahari ya kwanza iliyokaguliwa kwa miwani. Hakuonesha kikao. Lakini habari hapa hutembea haraka kuliko kampuni, na kila baba aliyeulizwa alisema aletewe kwanza mkaguzi mwenye miguu. Kwenye mkutano wa kuaga, Masoko alisema kwa upole kwamba soko lipo, ila watu wa huku hawajawa tayari. Hawajawa tayari! Mimi nilikuwa tayari. Nguo zilikuwa zimeshonwa.

Mkaguzi hakutumwa tena na mtu yeyote. Wengine humhurumia, humpelekea maziwa. Wakisimulia, hurudi Kisaka kwa tajiri wa malori. Wanapofika kwenye habari yangu husema mitambo ya wageni ndiyo iliyomponza mzee wetu. Si kweli. Miwani haikuja kikaoni. Kikaoni alikuja yeye, na macho yake mawili, na ng'ombe wakiwa hatua kumi.

Msimu huu wa mahindi nilipeleka ng'ombe wetu joshoni kuogeshwa dawa. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya njia, goti limefungwa kitambaa, bila kofia. Nilimpa shikamoo kwa sababu nimelelewa hivyo. Akaitikia akiwatazama ng'ombe. Mtamba wetu mwekundu alipopita karibu naye, mkono ulikwenda wenyewe ukashika mkia. Akashuka nao kidole kwa kidole. Alijikokota akasimama, akamfunua meno, akamnusa, akambonyeza nyuma ya bega, na mtamba akatulia chini ya mikono ile kama anayekunwa. Nilisimama nikamwacha amalize. Sikuwa nimeiona mikono ikifanya kazi tangu ile siku, na naapa ilikuwa bado inajua kila kitu. Mwisho akaweka kiganja mgongoni, nyuma ya nundu, akanyamaza.

"Ile siku sikugusa," akasema.

Alisema akimwambia mtamba, lakini nilikuwa peke yangu pale. Maneno niliyoyatafuta kikaoni yalikuja yote kwa pamoja, na safari hii hayakuchelewa.

"Twende ukamwambie baba," nikasema. "Yupo nyumbani."

Akatazama njia ya kwetu. Si mbali, unaliona bati letu kutoka pale.

"Goti," akasema.

"Basi vaa miwani, tata. Utafika."

Kiganja kilikuwa bado mgongoni kwa mtamba wetu.

"Na uondoe mkono," nikamwambia. "Huyu hajakaguliwa na mtu."

Akauondoa. Niliwaswaga ng'ombe kuelekea kwenye maji ya dawa. Nyuma yangu nilimsikia akianza kuniita, akakwama. Ng'ombe wa mahari yangu aliyemwekea kiganja alikuwa wa hewani, naye hana rangi ya kuniitia. Akaanza tena, akakwama tena. Jina langu analo, amelisikia mama akiniita tangu sijaota meno. Nilisubiri kidogo nione kama atalitumia. Kisha nikapiga mluzi, mtamba mwekundu akaruka wa kwanza ndani ya josho.